Kufungua kituo cha mchana cha wakimbizi kanisani: mwongozo kwa wanaoanza

Maswali ni yaleyale kila mara. Tuanze kwa kukusanya nguo? Akija mtu anayeomba hifadhi, tumjazie fomu? Anaweza kulala kanisani? Na polisi wakibisha hodi je? Nimekuwa nikiyajibu moja moja, kwa simu na pale mlangoni baada ya ibada. Haya hapa yote pamoja, ili ukienda kwenye kikao cha baraza la kanisa lako uwe na kitu cha kuweka mezani.

Kituo cha mchana ninachokizungumzia ni ukumbi wa kanisa unaofunguliwa siku na saa zinazojulikana. Mtu anaingia bila kuonyesha kitambulisho, anapata kinywaji cha moto, anachaji simu, anakaa. Akiwa na barua asiyoielewa, anasomewa. Akiwa na shida iliyo nje ya uwezo wenu, anaelekezwa kwa mwenye uwezo. Jioni mnafunga. Si kambi, si zahanati, wala si ofisi ya wakili. Hili la wakili nitalirudia mpaka unichoke.

Nadharia kidogo tu, maana waumini watakuuliza. Mwomba hifadhi ni mtu ambaye ombi lake bado halijaamuliwa. Mkimbizi, kwa Mkataba wa Wakimbizi wa Umoja wa Mataifa wa 1951, ni aliye nje ya nchi yake kwa hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya asili yake, dini, utaifa, kuwa mmoja wa kundi fulani la kijamii, au maoni yake ya kisiasa. Itifaki ya 1967 iliondoa mipaka ya muda na ya eneo iliyokuwa ndani ya mkataba huo. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 ukaongeza wanaokimbia uvamizi, kukaliwa na nchi ya kigeni, na machafuko makubwa. Ibara mbili za mkataba wa 1951 zishike kichwani. Ya 33 inakataza kumrudisha mtu mahali ambapo maisha au uhuru wake uko hatarini. Ya 31 inakataza kumwadhibu mkimbizi kwa kuingia bila kibali, mradi ametoka moja kwa moja kwenye hatari, amejitokeza kwa mamlaka bila kukawia, na ana sababu ya kuridhisha. Muumini akikuuliza, "Kama ni mkimbizi kweli, mbona aliingia bila viza?", jibu lake liko hapo.

Unavyohitaji kabla ya kufungua

- Uamuzi wa baraza la kanisa ulioandikwa: ukumbi gani, siku zipi, saa ngapi, nani anawajibika. Ruhusa ya mdomo hufa siku mchungaji akihamishwa.
- Ukumbi wenye choo, soketi za kutosha, na chumba kidogo cha faragha ambacho mlango wake una kioo.
- Watu wanne kwa kila siku ya kufungua: wa mlangoni, wa jikoni, wa dawati la barua, na msimamizi asiye na kazi nyingine yoyote. Wa nne ndiye wanaomsahau, na ndiye atakayehitajika mambo yakichafuka.
- Sera ya kuwalinda watoto na watu wazima walio hatarini, yenye jina la mtu mmoja anayepokea taarifa. Sheria ya nchi ikitaka wanaojitolea wachunguzwe rekodi zao za polisi, wachunguzwe kabla, hata kama ni shemasi wa miaka mingi.
- Neno kutoka kwa kampuni ya bima ya jengo kwamba shughuli hii imejumuishwa.
- Simu ya kituo na kabati la kufuli. Namba binafsi za wanaojitolea zisigawiwe.
- Orodha ya mahali pa kuelekeza watu. Tutaifikia sasa hivi.

Hatua

1. Jua nani tayari anafanya nini.
Kabla hujanunua hata kikombe, tembelea wanaotoa msaada wa kisheria wa bure, ofisi ya UNHCR (shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa) kama ipo karibu, Msalaba Mwekundu au Hilali Nyekundu, zahanati zinazopokea wasio na vibali, na makanisa au misikiti inayofanya kazi kama hii. Uliza kila mmoja mambo matatu: mnapokea nani, mnafungwa lini, na mtu aje na nini mkononi. Fungua siku ambazo wengine wamefunga.

Orodha utakayoandika ndiyo mali ya kwanza ya kituo. Kila mstari uwe na tarehe namba ilipopigwa kwa mara ya mwisho. Namba iliyokufa si usumbufu mdogo. Mtu ametumia nauli yake ya mwisho kufika kwenye mlango uliofungwa, na hatakuja kukuuliza tena.

2. Chagua huduma tatu, ukomee hapo.
Kwangu mimi ni mahali pa kukaa, dawati la barua, na kuelekeza. Masomo ya lugha yanaweza kufuata mkishazoea.

Kuhusu nguo: ukitangaza kanisani kwamba mnapokea nguo, wiki mbili zijazo hutapata pa kuweka kiti. Utaletewa magauni ya harusi na viatu vya mguu mmoja, na watu wako wote watageuka wachambuzi wa magunia huku mwenye barua ya mahakama akisubiri. Omba vitu kwa jina na kwa idadi: chupi mpya, soksi, nepi, chaja za simu, nauli. Vingine kataa kwa shukrani.

3. Chora mpaka wa kisheria, uubandike ukutani.
Katika nchi nyingi si kila mtu anaruhusiwa kutoa ushauri wa uhamiaji. Uingereza, kwa mfano, sheria ya 1999 inaufanya kuwa kosa la jinai kwa asiye na sifa zinazotambuliwa, hata akitoa bure. Uliza wakili sheria ya nchi yako inasemaje, kisha waandikie watu wako kwa lugha nyepesi.

Kwa kawaida mnaweza kumsomea mtu barua, kumtafutia wakili, kupiga simu kwa niaba yake akiwa amekaa hapo hapo, kumsindikiza, na kumtunzia tarehe kwenye kalenda. Msimwambie aseme nini kwenye mahojiano. Msimwandikie maelezo ya kilichomsibu. Msimpe makisio ya kama atakubaliwa.

Onyo: kosa hili hufanywa na watu wema kuliko wote. Mzee wa kanisa anamsaidia kijana kuandika maelezo yake, anayanyoosha kidogo, anaweka mwezi pale ambapo kijana alisema "wakati wa mvua". Miezi kadhaa baadaye, kwenye mahojiano, kijana anasema mwezi mwingine. Afisa hamwoni mzee wa kanisa kwenye ile karatasi. Anaona mwombaji aliyebadilisha maelezo.

4. Panga ukumbi kwa macho ya mtu aliyehojiwa mara nyingi.
Meza ya mapokezi isikae mbele ya mlango kama kizuizi cha barabarani. Iweke pembeni, na anayepokea asimame, asogee, asalimie. Viti viwe na migongo ukutani, na njia ya kutokea ionekane kutoka kila kiti. Wengine watachagua kukaa karibu na mlango kwa wiki kadhaa kabla ya kusogea ndani, waache. Choo kionyeshwe kwa mchoro, mtu asilazimike kuuliza. Wanaojitolea wasivae sare. Kitambulisho cha kifuani chenye jina la kwanza kinatosha.

Daftari la mlangoni liwe na mambo mawili tu: jina ambalo mtu anapenda kuitwa, na lugha. Uraia, namba ya faili, njia aliyopita, hali ya kibali chake, hivyo haviandikwi mlangoni. Usichokuwa nacho hakiwezi kuibwa, kupotea, wala kudaiwa na mtu mwingine. Taarifa za wanaosaidiwa barua ziwekwe kabatini kwa ridhaa yao, na zichanwe zikimaliza kazi.

5. Wafunze watu wako kunyamaza.
"Umetoka wapi? Ulifikaje? Familia iko wapi?" Kwetu hayo ni mazungumzo ya kawaida ya kumkaribisha mgeni. Kwake ni maswali ya afisa wa uhamiaji, na pengine ya aliyemtesa kabla ya huyo. Fanyeni mazoezi ya kuigiza, mmoja mgeni na mmoja mwenyeji, kwa dakika kumi bila swali hata moja kuhusu zamani. Ongeleeni mpira, hali ya hewa, mchezo wa karata. Ni vigumu kuliko inavyosikika.

Kwa anayeleta simulizi yake mwenyewe, kuna mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani na wenzake mwaka 2011. Kiini chake ni vitendo vitatu: angalia, sikiliza, unganisha. Usichimbe. Usimwambie "nakuelewa". Kama ana makovu ya mateso, usiyapige picha. Mwambie wakili wake, kwa ridhaa yake, amtafutie daktari anayeijua Itifaki ya Istanbul, mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa kuchunguza na kuandika alama za mateso uliokamilishwa mwaka 1999.

6. Tafuta wakalimani kabla hawajahitajika.
Uliza lugha, kisha uliza lahaja. Mkurdi anayezungumza Kikurmanji na yule wa Kisorani wanaweza wasielewane. Aliyetoka Eritrea usimwekee mkalimani wa Kiamhari kwa kudhania. Wengi ni wa Kitigrinya. Mwulize mhusika kama anamkubali mkalimani huyo, na umwulize hayo wakati mkalimani hayupo. Watu waliokimbia nchi moja si lazima wawe upande mmoja, na siri ya leo ukumbini inaweza kufika kijijini kwao kesho kwa simu.

Mtoto asitumike kumtafsiria mzazi, hata kwa barua ya shule. Siku moja ni barua ya shule, siku nyingine ni barua ya kufukuzwa nchini, na mtoto ndiye anayeitamka. Programu ya tafsiri ya simu itumike kuonyesha choo na kupanga miadi. Barua rasmi isipite humo.

Wakati wa kuzungumza mtazame mhusika, si mkalimani. Naye mkalimani aseme "mimi" kama anavyosema mhusika, asiseme "anadai kwamba".

7. Endesha dawati la barua.
Huu ndio moyo wa kazi, na hapa ndipo kituo kidogo kinapoweza kuokoa kesi. Fuata mpangilio huu kila mara, hata kama barua inaonekana nyepesi.

Anza na bahasha. Muhuri wa posta unaweza kuwa ushahidi pekee kwamba barua ilichelewa, kwa hiyo ibane pamoja na barua, isitupwe. Mwambie mwenye barua apige picha kurasa zote kwa simu yake mwenyewe, mbele na nyuma, ili nakala ibaki kwake. Kisha tafuta mambo manne: nani ameandika, namba ya faili, tarehe iliyo juu ya barua, na tarehe ya mwisho ya kufanya jambo lolote.

Tarehe ya mwisho mara nyingi haikuandikwa wazi. Imeandikwa "ndani ya siku" kadhaa. Siku hizo zinahesabiwa tangu barua ilipoandikwa, ilipotumwa, au ilipopokelewa? Jumamosi na Jumapili zimo? Usikisie. Chukua hesabu fupi kuliko zote, mpigie wakili siku hiyohiyo, na kama hana wakili basi kumtafuta wakili ndiyo kazi ya saa inayofuata. Andika tarehe hiyo kwa herufi kubwa kwenye kadi, kwa lugha yake na kwa lugha ya barua. Iweke pia kwenye kalenda ya kituo kwa jina lile la kuitwa.

Ukisoma, soma kilichoandikwa. Usipunguze makali. Mtu akikataliwa, mwambie amekataliwa, kisha mwonyeshe palipoandikwa kuhusu rufaa.

Ukiona jina limeandikwa kwa njia tatu tofauti kwenye karatasi tatu, au tarehe ya kuzaliwa ni 1 Januari, usishtuke wala usirekebishe. Wengi wasio na cheti, au ambao siku yao haikujulikana, husajiliwa 1 Januari. Tofauti zenyewe zipeleke kwa wakili, azieleze yeye.

Maonyo ya dawati hili:
- Usibaki na hati halisi ya mtu, hata usiku mmoja, hata akikubembeleza.
- Usisaini popote kwa niaba yake.
- Akihama makazi, jambo la kwanza ni kuitaarifu mamlaka na wakili anwani mpya, kwa maandishi, na kutunza uthibitisho. Wito wa mahojiano ukienda nyumba ya zamani, anaweza kuhesabiwa ameacha ombi lake.
- Usikubali kanisa liwe anwani ya posta ya watu kama hakuna mtu wa kufungua sanduku kila siku ya kazi. Barua iliyolala kwenye sakristia siku tisa ni hatari kuliko kutokuwa na anwani.

8. Iweke dini mahali pake.
Kituo ni cha kanisa na hakuna haja ya kuuficha msalaba. Lakini anayekuja asipewe kikombe kwa masharti. Kanuni za maadili za Msalaba Mwekundu na mashirika ya misaada za 1994 zinasema msaada hautatumika kuendeleza msimamo wa kidini au wa kisiasa. Nami nasema hata bila karatasi hiyo ni adabu tu. Kama mna sala, ifanyike chumba kingine, saa iliyotangazwa, na kutohudhuria kusimnyime mtu kitu. Mwislamu akiuliza pa kuswali, mwonyeshe kona safi na tulivu.

Mtihani mkubwa ni ubatizo. Atakuja mtu anayetaka kubatizwa, na kubadili dini kunaweza kuwa sehemu ya ombi lake la hifadhi. Mchungaji ampitishe kwenye mafundisho yaleyale na muda uleule kama muumini mwingine yeyote, bila haraka na bila kumkawiza. Akiombwa barua na wakili, aandike alichokiona: amehudhuria tangu lini, amefundishwa nini, anashiriki vipi. "Namjua ni Mkristo wa kweli" ni sentensi ambayo mchungaji anaweza kuitwa mbele ya jaji kuieleza. Aliyeandika barua kama hizo kwa watu asiowajua atawaangusha hata anaowajua.

9. Fungua siku moja kwa wiki.
Siku moja isiyokosa, miezi mitatu. Kufungua siku tano kisha kufunga tatu kwa kukosa watu kunavunja kitu ambacho wageni wako wamekwisha kukipoteza mara nyingi. Baada ya kila kufunga, kaeni robo saa: nani alituhangaisha, nini kilikwama, namba ipi imekufa.

Mambo yakikwama

*Polisi au maafisa wa uhamiaji wako mlangoni.* Msimamizi peke yake ndiye anayezungumza. Aombe vitambulisho na hati ya mahakama, aandike majina, ampigie wakili. Asidanganye na asizuie kwa mwili. Na usimwahidi mtu kwamba kanisani hakamatwi, inategemea nchi. Ujerumani, makanisa na mamlaka ya uhamiaji yalikubaliana mwaka 2015 utaratibu wa kesi za waliohifadhiwa kanisani, nao hauwafungi polisi mikono kisheria. The Hague, kanisa la Bethel liliendesha ibada mfululizo siku 96, kuanzia Oktoba 2018 hadi Januari 2019, kuilinda familia moja, kwa kuwa sheria ya Uholanzi hairuhusu polisi kuingia ibada ikiendelea. Uliza sheria ya kwako kabla siku hiyo haijafika.

*Mtu hana pa kulala.* Piga namba za malazi mkiwa bado mmefungua, si dakika tano kabla ya kufunga. Kumlaza ukumbini bila ulinzi, bima na watu wa zamu kunahatarisha wote. Kumpeleka nyumbani kwako vilevile, na sera ikataze hilo waziwazi.

*Anasema afadhali afe.* Usimwache peke yake. Mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua; swali hilo halimpandikizii wazo. Msimamizi aite huduma ya dharura au mtaalamu aliye kwenye orodha, na mtu mmoja akae naye mpaka afike.

*Mtoto amekuja peke yake.* Taarifa iende siku hiyohiyo kwa mamlaka ya ustawi wa watoto, kupitia yule mwenye jina kwenye sera yenu. Hata akisema ana miaka 19 na wewe unaona 15, eleza unachokiona, uamuzi waachie wao.

*Anatafuta ndugu waliopotea.* Mwelekeze Msalaba Mwekundu au Hilali Nyekundu, wana huduma ya bure ya kutafuta na kuunganisha familia. Usimtangaze mitandaoni, wanaomtafuta huenda wakamwona kwanza.

*Kuna mtu ukumbini anauza nafasi za kuhamishiwa nchi nyingine.* Mtoe. Huduma za UNHCR ni za bure, ikiwemo kuhamishiwa nchi ya tatu, na hilo libandikwe ukutani kwa kila lugha mnayoipokea. Kama muuzaji ni mmoja wa wanaojitolea, mtoe na uwaarifu mamlaka.

*Makundi mawili yanagombana.* Mara nyingi chanzo ni foleni ya chaja au ya chumba cha faragha, siyo siasa za kwao. Gawa namba, ongeza soketi. Ikiwa ni siasa kweli, tenganisheni siku.

*Mfadhili anataka picha.* Apewe picha ya vikombe, viti na mikono ya wapishi. Sura za wageni hapana, hata wakikubali, kwa sababu anayekubali leo huenda anadhani akikataa atanyimwa huduma.

*Hakuna anayekuja.* Kawaida ni moja kati ya haya: hawajui mpo, nauli hawana, au wanaogopa mlango wa kanisa. Nenda pale wanaposubiri, nje ya ofisi za usajili au kwenye makazi yao, ukiwa na kadi yenye ramani ndogo, siku na saa, kwa lugha zao. Tafuta nauli ya mwezi wa kwanza. Na mwombe mmoja aliyekwisha kupata kibali akae mlangoni pamoja na mtu wenu, mlipeni kama mnaweza.